Msimamo wa ligi usubiri: barua ya wazi kwa makocha na viongozi wa soka la watoto

Wanangu makocha, viongozi wa ligi na wazazi mnaosimama pembeni ya uwanja,

Salaam. Kila msimu mnabishana mtoto aanze mashindano akiwa na miaka mingapi. Mimi nasema 12. Na ninaposema mashindano nina maana ya ligi yenye msimamo wa pointi, mtoano, kombe na mchujo wa wachezaji. Kufunga na kufungwa hakuna umri. Hata mtoto wa miaka 5 anajua nani kamfunga, wala hahitaji mtu mzima kumwandikia.

Tazameni msimamo unavyomgeuza kocha. Timu ya chini ya miaka 9 ikianza kuhesabiwa pointi, mtoto mrefu anawekwa nyuma abutue mpira, mwenye mbio anawekwa mbele aukimbilie, na wadogo wanakaa benchi hadi dakika za mwisho. Mbinu hiyo inashinda kweli, kwa sababu golikipa wa miaka 8 hawezi kuufikia mpira wa juu kwenye goli la mita 2.44. Lakini viungo, wale wa katikati ya uwanja, hawagusi mpira, na hakuna anayejifunza kupokea pasi akiwa amebanwa. Yule mrefu naye hasalimiki: wenzake wakishamfikia kimo kwenye miaka 14, anabaki hana chenga wala pasi.

Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa, jambo ambalo wengi wenu mnalipita. Kikomo cha umri kikiwa Januari 1, wa Januari na wa Desemba wanaingia kundi moja huku wakipishana miezi 11. Kwa mtoto wa miaka 8, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umri wake wote. Mnapochuja mapema, mnachagua ukubwa wa mwili mkidhani ni kipaji, na ndiyo maana akademia nyingi zimejaa waliozaliwa miezi michache tu baada ya tarehe ya kikomo. Kuihamisha tarehe hakusaidii, kunabadilisha tu nani aonewe. Mkilazimika kutathmini, gaweni namba za fulana kwa mfuatano wa kuzaliwa: mkubwa avae 1, mdogo kuliko wote avae ya mwisho. Anayetazama ataona mara moja kwamba namba 18 anapokonywa mpira na mtu aliyemtangulia karibu mwaka mzima.

Na vijeba, wale wanaodanganya umri wacheze na wadogo? Ondoeni kombe, mtaona vyeti vya kuzaliwa vinaanza kusema kweli. Msitegemee kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA imekitumia tangu 2009 kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Kinaangalia kama sehemu ya mfupa inayokua imeshaungana kabisa, na kwa mtoto wa miaka 9 au hata 12 sehemu hiyo bado iko wazi. Kijeba wa miaka 12 anayecheza na wa miaka 9 atapita bila shida.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Norwei ina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na leo zinazuia misimamo na orodha za washindi kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza 11, na ubingwa wa taifa kabla ya 13. Ujerumani, kuanzia msimu wa 2024/25, watoto wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu kwenye magoli madogo.

Sasa vipimo. Chini ya miaka 7, watatu kwa watatu bila golikipa. Chini ya 9, watano kwa watano, uwanja wa mita 37 kwa 27. Chini ya 11, saba kwa saba, mita 55 kwa 37. Chini ya 13, tisa kwa tisa, mita 73 kwa 46, goli la mita 4.88 kwa 2.13, makundi ya watano na ya saba yatumie goli la 3.66 kwa 1.83. Mpira namba 3 hadi miaka 9, kisha namba 4. Namba 5 ina gramu 410 hadi 450, iacheni kwa wakubwa.

Siku ya mechi ya wadogo ipangeni hivi. Mna watoto 24, yaani timu nane za watatu: chorani viwanja vinne, kila kimoja mita 25 kwa 20, chenye magoli manne ya upana wa mita 2, mawili kila upande. Magoli mawili yanamlazimisha mtoto kuinua kichwa. Akiona njia hii imezibwa, anageukia ile nyingine. Mpira ukitoka, uingizwe kwa kukokotwa au kwa pasi, usirushwe. Chezeni dakika 7, pigeni filimbi moja kwa viwanja vyote. Walioshinda wapande kiwanja kimoja juu, walioshindwa washuke kimoja. Kufikia raundi ya tatu wanaolingana nguvu watakuwa wamekutana, hakuna anayefungwa 15. Raundi sita zinatosha. Watoto wakizidi 24, kosa la kawaida ni kocha kumpumzisha aliye dhaifu "kwa muda". Andikeni zamu za kupumzika kabla ya kuanza, kwa majina.

Kupiga kichwa kusiwepo kabisa kwa wa miaka 10 kushuka chini. Marekani ilipiga marufuku hilo 2015. Saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na angalau siku moja kwa wiki apumzike kabisa. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea kwa maumivu ya kisigino baada ya mazoezi si mvivu: sehemu ya mfupa inayokua imechoshwa. Apunguziwe mbio na kuruka, na maumivu yasipoisha aonwe na daktari.

Mfadhili akidai lazima kombe liwepo, mwambieni fedha yake inunue mipira, kila watoto wawili wawe na mmoja, na magoli madogo ya kubebeka. Jina lake liandikwe kwenye vizibao. Kombe alitoe kwa kundi la chini ya miaka 13.

Mzee wenu