Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: fedha za asilimia 10 zitoke Oktoba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Newala. Kila msimu mambo huwa yaleyale. Mnada wa kwanza ukifunguliwa, viongozi hupanda jukwaani, bei inasomwa, wakulima wanapiga makofi au wanakataa kuuza, na kesho yake habari yote ya mkoa wetu ni tarakimu moja: bei ya kilo ya korosho ghafi. Sina ugomvi na bei nzuri. Imesomesha watoto wetu na imeezeka bati nyumba nyingi huku uwandani. Anayesema stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa stakabadhi ziuzwe mnadani, haijamfaa mkulima amesahau walanguzi walivyokuwa wanatupangia bei mlangoni kabla ya mwaka 2007. Mimi nakuandikia kuhusu miezi inayofuata, lori la mwisho likishaondoka ghalani, na kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo naomba iwafikie wabanguaji wadogo msimu unapoanza.

Miezi hiyo, kazi ya korosho iliyobaki kwetu ni kupalilia na kupulizia salfa. Zao lenyewe, sehemu kubwa, limeshavuka bahari kwenda India na Vietnam likiwa na ganda lake. Huko linabanguliwa, linamenywa, linapangwa madaraja na kufungwa. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho iliyobanguliwa, na mikono yote inayopita kati ya kilo hizo tano na hiyo moja inalipwa ujira nje ya Mtwara. Maganda nayo yanakwenda bure, wakati mafuta yake yana soko kwa watengeneza rangi na breki za magari.

Haya si mapya kwako. "Tuongeze thamani" nimeisikia kwenye mikutano mingi kiasi kwamba siku hizi ikitamkwa naangalia saa. Kinachonisumbua ni kwamba kila ikitamkwa, mawazo ya wakubwa yanakimbilia kwenye jengo: kiwanda kikubwa, kongani ya viwanda, jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi.

Kusini tuna historia ndefu na vitu vikubwa vinavyoletwa kutoka juu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea wakajenga reli na gati ya maji marefu ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafa, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki, na tunashukuru. Kisha ikaja zamu ya korosho. Miaka ya 1970 serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vya kubangulia, na mashine zikatoka Italia na Japani. Miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha wazee wetu na kuwaweka mbali na mikorosho yao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga nao ulichangia, lakini mkorosho ulioachwa porini hauna wa kuutibu. Viwanda vikakamilika huku mali ya kubangua hakuna. Vingi vikafungwa, vikauzwa, na baadhi vikageuka maghala ya kutunzia korosho ghafi zinazosubiri meli. Waliopanga viwanda na waliopanga vijiji walikuwa serikali moja, Mheshimiwa, na inaonekana hawakuulizana.

Kuhusu gesi sitasema mengi. Ghasia za kupinga bomba la gesi zilizotokea Mtwara mwaka 2013 unazijua, na bomba lilikwenda Dar es Salaam.

Leo mali ipo. Uzalishaji wa nchi umevuka tani 500,000, kiwango ambacho mzee wa 1974 asingekiamini. Kwa nini basi hatubangui? Wengi hujibu kwamba hatuna mashine au hatuna utaalamu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kina utaalamu wa kutosha, na mashine ndogo za kubangulia si kitu kigeni huku. Jibu liko kwenye kalenda.

Sisi tunavuna kuanzia Oktoba, na hadi Januari minada mikubwa inakuwa imekwisha. Afrika Magharibi wanavuna kuanzia Februari hivi. Kiwanda cha Vietnam kinanunua kwetu mwishoni mwa mwaka, kisha kinageukia Ivory Coast, na mashine hazilali. Ndiyo maana bei yetu huwa nzuri: tunaingia sokoni wakati maghala yao yanapungua. Mbanguaji wa Newala hana pa kugeukia. Lazima anunue mali ya mwaka mzima ndani ya wiki chache, ailipie yote, aitunze isipate unyevu, kisha aile kidogokidogo hadi Septemba. Fanya hesabu ya kikundi cha akina mama kinachobangua kilo 250 za ghafi kwa wiki, kwa wiki 40. Hizo ni tani 10. Kwa bei ya shilingi 3,500, ni shilingi milioni 35 zinazotakiwa mkononi kabla hawajauza hata pakiti moja. Benki watawauliza hati ya nyumba.

Hata wakizipata, watanunua wapi? Mnadani mali inauzwa kwa shehena za wanunuzi wakubwa, na kikundi cha tani 10 hakiwezi kushindana hapo. Mama wa kikundi akinunua kwa jirani yake uani, hiyo ni kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya mfumo rasmi, na kwenye kangomba hatumsamehei mtu, wala sitaki tuanze kusamehe, maana tunajua mkulima mwenye shida ya Agosti alivyokuwa anauza mali iliyo bado mtini kwa bei ya kutupa. Lakini matokeo yake ni kwamba mama anayebangua korosho katikati ya mikorosho, ama anakaa bila mali, ama anaonekana mhalifu. Wenye viwanda na leseni wana njia zao za kuzungumza na Bodi ya Korosho. Huyu mama hana.

Nakuomba usinielewe kwamba nataka ghafi ipigwe marufuku. Ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wa Msumbiji walibishania jambo hili miaka ya 1990, Benki ya Dunia ilipowashinikiza wapunguze ushuru wa kusafirisha ghafi. Viwanda vilifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Wapo wanaotoa hapo funzo la kufunga milango. Mimi ni mkulima. Ukifunga mlango wa meli wakati wabanguaji wa ndani hawana fedha, anayelipa gharama ni mimi, bei ikianguka. Ila nakumbuka pia mwaka 2018. Wanunuzi walikuja na bei tulizozikataa, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakasomba mali, na wengi wakasubiri malipo miezi. Mkoa ambao korosho yake haina kazi nyingine zaidi ya kuuzwa na ganda hauna la kufanya siku mnunuzi akigoma.

Sasa nifike kwenye ombi, ambalo halihitaji jiwe la msingi wala mfadhili.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na sasa imerejeshwa. Katika mkoa wako, sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya halmashauri inatokana na ushuru wa korosho. Kwa maneno mengine, fedha hizi zimetoka mtini kwetu, na zinaingia msimu wa minada. Lakini zinakopeshwa lini? Kikundi kimoja ninachokifahamu, halmashauri sitaitaja, kiliomba mtaji wa kubangua kikapata fedha mwezi wa nne. Korosho zilikuwa zimeshafika bandarini zamani. Wakanunua viti na maturubai ya kukodisha kwenye misiba na harusi. Deni wanalilipa vizuri tu, na kwenye taarifa bila shaka wamehesabiwa kuwa mafanikio. Kubangua wameacha.

Ofisi yako ndiyo inayosimamia halmashauri zote 9 za mkoa huu, kuanzia Manispaa hadi Nanyumbu. Waelekeze wakurugenzi kwamba vikundi vya kubangua vipitishwe kati ya Julai na Septemba, na fedha zao zitoke mnada wa kwanza unapoanza. Fedha hizo zisiwekwe mikononi mwa kikundi; zilipwe moja kwa moja kwa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na AMCOS itenge tani za kikundi kwa bei ileile ya mnada wa wiki hiyo, kwa stakabadhi, zihifadhiwe ghalani na kuchukuliwa kwa awamu. Mkulima hapotezi hata shilingi. Kangomba haipati mwanya, kwa sababu kila kilo ina karatasi. Na kikundi hewa hakiwezi kwenda ghalani kuchukua magunia kila mwezi, kuyabangua na kurudi.

Litakuwepo tatizo la soko, najua. Korosho nzima nyeupe ina wateja, vipande vinasumbua, na kikundi cha kijijini hakiwezi kushindana na mzoefu wa Vietnam kwa kasi. Lakini kuna abiria wa mabasi ya Dar es Salaam, kuna hoteli, kuna Zanzibar, na kwenye maduka mengi ya mijini pakiti ya gramu 100 inauzwa kwa bei ya kumshangaza aliyeivuna. Kuanza na hapo hakumzuii mtu kufika mbali.

TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya mkoa wetu, wanaweza kukataa, kwa sababu kutenga tani 10 hapa na tano pale ni usumbufu kwa mtu aliyezoea kuhesabu maelfu. Hapo ndipo tunapokuhitaji wewe. Bei ya dunia huwezi kuipanga, na hatukulaumu ikishuka. Ratiba ya halmashauri zako unaweza.

Kamati ya Ushauri ya Mkoa ikikutana kabla ya msimu, naomba ajenda hii iwemo, na kila mkurugenzi aje na mambo mawili yaliyoandikwa: tarehe ambayo fedha za vikundi vya kubangua zilitoka mwaka jana, na tarehe zitakapotoka mwaka huu. Zisomwe hadharani, waandishi wakiwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho,
Newala