Aliyefariki na aliyekufa: wasifu wa masheikh mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua zinazogusa dini huwa mnaziogopa na siwalaumu, ila hii sio ya dini hasa, ni ya hizi kamusi elezo za mtandaoni kama Wikipedia ambazo siku hizi ndio mwalimu wa watoto wetu tutake tusitake.

Mpwa wangu yuko form two, alipewa kazi ya shule aandike Sheikh Amri Abeid alikuwa nani, yule wa uwanja wa mpira pale Arusha. Akaingia kwenye simu, akasoma, akaja kuniuliza, "Mjomba, huyu alikuwa Muislamu au hakuwa?" Nikamwambia swali gani hilo, kwani umesoma nini. Akanionyesha. Sentensi ya kwanza kabisa, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa, eti ni Kadiani (jina la kuwabeza wafuasi wa Ahmadiyya) aliyeshiriki kuipotosha Qurani, basi, ushairi hakuna, umeya hakuna. Nikafungua historia ya ukurasa (pale unaona nani kabadilisha nini na saa ngapi) nikakuta wiki mbili nyuma ukurasa ule ule ulikuwa sifa tupu, shujaa wa dini, Mungu amrehemu, na neno Ahmadiyya halikuwepo hata mara moja. Yaani mmoja kaficha, mwenzake kaja kaanika kwa matusi.

Wakati habari zenyewe wala si ngumu. Huyo Sheikh, jina lake kamili Kaluta Amri Abedi, kazaliwa Ujiji 1924, alikuwa mubalighi, yaani mhubiri, wa Ahmadiyya, alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad kwenye tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka 1953, mwaka uliofuata akatoa kile kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho kila aliyehangaika na vina na mizani shuleni kimempitia kwa njia moja au nyingine, 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, halafu waziri wa sheria, akafariki 1964 hata uzee hajauona. Hapo hakuna cha kubishania. Kinachobishaniwa ni kwamba Waahmadiyya wanajiita Waislamu na Waislamu wengi hawawakubali, kwa sababu wanamwamini Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian kuwa nabii. Nimeiandika kwa sentensi moja, kila upande umetajwa kwa kile unachokisema, na mtoto wa form two ameielewa.

Tena na mimi nisijitoe. Mimi ni Sunni, nimekulia nyumba ambayo tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilikaa juu ya kabati imefungwa kitambaa, na siku ya kwanza nilipojaribu kuurekebisha ule ukurasa niliandika "Makadiani" bila hata kufikiri, ndivyo nilivyolisikia tangu chuo cha Kurani. Wenyewe hawajiiti hivyo, na kwao ni kama tusi. Kuna jamaa alinikumbusha kwa upole tu, nikaona haya, nikafuta.

Kiswahili chetu kina mitego yake hapa. Wa kwetu "amefariki", "ametangulia mbele ya haki", wa upande wa pili "alikufa". Wa kwetu "alieleza", wa kwao "alidai". Wa kwetu Sheikh, wa kwao "anayejiita sheikh". Ukimbana mwandishi atakwambia nionyeshe uongo uko wapi, na kweli uongo hamna, ila msomaji hajafika hata aya ya pili ameshajua ampende nani amchukie nani. Mimi siku hizi nina mtihani wangu mdogo, nachukua sentensi aliyoandikiwa Farsy nabandika jina la Padri Godfrey Dale, yule wa misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar aliyetoa tafsiri yake ya Kurani 1923, kisha naisoma kwa sauti, na ikinikwama kooni basi najua shida iko kwenye sentensi.

Na hawa watu walikuwa na ugomvi wa kweli, tusijifanye. Dale aliweka maelezo ya kuujibu Uislamu, Waahmadiyya wakaja na tafsiri yao, Farsy akawajibu kwa maandishi makali, yake kamili ikatoka 1969. Huyo Farsy mwenyewe, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika dhidi ya bidaa (mambo yaliyozushwa kwenye dini) kuna wanazuoni wenzake wa pwani hawakumfurahia hata kidogo, lakini wapenzi wake hilo hawataki liandikwe, wanasema ni kumvunjia heshima marehemu. Heshima gani? Ukiondoa ugomvi wote unabaki na tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, kama jiwe la kaburi.

Kuna wanaosema basi kila upande upewe nusu kwa nusu yaishe. Hapana. Upande wenye vitabu na kumbukumbu za maana hauwezi kulingana na mtu aliyesikia kwenye kanda ya mawaidha. Wikipedia nao wana sheria hiyo, tena mtu akiwa hai jambo la kumchafua lisilo na chanzo linatolewa hapo hapo bila kusubiri mjadala. Na wakiamua kubana wanabana, Mei 2009 walizifungia anwani za kompyuta za kanisa la Scientology kule Marekani kwa kuhariri kurasa zinazowahusu wenyewe, na baadhi ya wapinzani wao nao wakazuiwa kugusa mada hiyo. Huo ndio uamuzi nilioupenda, ulipiga kotekote.

Ninachoomba kwenu wa magazeti, mnapochapa wasifu wa hawa wazee msiwe mnatoa moja kwa moja mtandaoni, maana mkishachapa watu wa kule wanarudi kuwatumia nyie kama chanzo na uongo unapata baba.

Mpwa wangu kazi yake amepeleka, nilimsaidia. Ule ukurasa nimeurekebisha mara nne. Sentensi ya Ujiji wameiacha, ile ya Waahmadiyya na Waislamu wengine imefutwa tena jana saa nne usiku.

Msomaji wako,
Tanga