Bibi harusi amebadilika, wenye biashara ya mashela tumsikilize

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo kila msimu wa harusi hujadiliwa kwa upande mmoja tu. Katika magazeti, vijiweni na kwenye vikao vya kamati za harusi tunazungumza sana juu ya gharama, na katika mazungumzo hayo bibi harusi aliyekodi shela, aliyevaa gauni la dada yake au aliyeshonewa vazi la kitenge huhesabiwa kuwa ameshindwa kumudu gauni jipya. Mimi ni fundi wa mavazi ya harusi hapa Mwanza, na miongoni mwa wateja wangu wamo walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki na mabinti wa familia zenye uwezo. Ninachokiona mezani kwangu ni kwamba wengi wanaokataa kununua gauni jipya wana fedha za kulinunua. Wamebadili kile wanachokithamini, na sisi wenye biashara hii, kuanzia mwagizaji wa magauni hadi fundi mwenye cherehani moja, bado tunawahudumia kana kwamba ni mama zao walioolewa miaka thelathini iliyopita.

Baadhi ya wazazi hunijibu kwamba gauni jeupe la kuvaliwa siku moja ndiyo heshima ya ndoa. Kwa haki yote, desturi hiyo ni changa. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 1840 akiwa amevaa satini nyeupe yenye lesi ya mkono ya Honiton, mji wa Uingereza, mabibi harusi wengi wa Ulaya walikuwa wakiolewa na gauni lao zuri kuliko yote, la rangi yoyote, kisha wakaendelea kulivaa kanisani na kwenye sherehe nyingine. Gauni jeupe lilienea kwa sababu wenye nacho walitaka kufanana na malkia, na baadaye likaja kwetu pamoja na ndoa za misheni. Hata malkia huyo hakuyafungia mapambo yake sandukuni, kwani lesi ile aliitumia tena katika shughuli za familia yake kwa miaka mingi. Kule pwani, bibi harusi alikuwa na pambo lake na bado analo: kanga ya kisutu, hina na piko, kikuba cha asumini na rehani, na udi, na kanga hizo haziwekwi kando harusi ikiisha, bali huendelea kuvaliwa nyumbani. Binti anayeniuliza kama ataweza kulivaa tena gauni lake havunji mila ya mtu yeyote.

Wanaodhani huu ni upepo wa kupita wayatazame yaliyozikuta kampuni kubwa. David's Bridal, ambayo kwa miongo mingi imewauzia magauni mabibi harusi wa Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2018, na ikarudi huko tena Aprili 2023. Madeni na janga la Uviko-19 vilichangia, lakini uongozi wake wenyewe ulieleza mahakamani kwamba mabibi harusi wanazidi kuchagua mavazi yasiyo ya mazoea, yakiwemo magauni yaliyokwisha kuvaliwa na wengine. Kabla ya hapo, Julai 2017, kampuni ya Alfred Angelo ilifunga maduka yake ghafla na kuwaacha wanawake wengi wakihangaikia magauni waliyokwisha kuyalipia. Upande wa pili, Binti Mfalme Beatrice wa Uingereza aliolewa Julai 2020 na gauni la zamani la bibi yake, Malkia Elizabeth, lililoongezwa mikono, na Mei 2021 Carrie Johnson alikodi gauni alilofungia ndoa na Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo. Hakuna awezaye kusema kwamba wanawake hao walikosa fedha ya kitambaa.

Hapa kwetu mabadiliko hayo nayasikia kwanza katika maswali. Zamani mteja aliingia na picha, akauliza gauni litatanuka kiasi gani na mkia wake utaburuzika hadi wapi. Sasa anauliza kitambaa kimetengenezwa kwa kitu gani, kama ataweza kupumua ndani yake saa nane mchana, na kama mkia unaweza kubanduliwa ili jioni ukumbini abaki na gauni la kawaida la kuchezea muziki. Wengine wanataka vazi la vipande viwili, blauzi ya lesi na sketi, ili blauzi ivaliwe baadaye na kitenge. Wapo pia wanaotaka gauni la sendofu na la harusi liwe moja, kwa kubadili mshipi, kilemba na koti la juu.

Swali la kitambaa ni zito kuliko linavyoonekana, na ndipo ninapowaomba mafundi wenzangu wasome upya kazi yao. Magauni mengi yanayoingia nchini kutoka China, ambako miji ya Suzhou na Chaozhou ina viwanda na karakana nyingi za kazi hii, hushonwa kwa satini na neti za poliesta. Poliesta ina bei nafuu, haikunjamani ovyo na inang'aa vizuri kwenye picha, lakini hainyonyi jasho, na rangi za kawaida tunazochovyea nguo nyumbani haziishiki, kwa kuwa inataka rangi yake maalumu pamoja na joto kali. Kwa hiyo bibi harusi anayekusudia kulichovya gauni lake rangi ya zambarau au kijani baada ya harusi, ili alivae kwenye ubatizo au maulidi, lazima aamue hivyo kabla mkasi haujagusa kitambaa, achague pamba au hariri, na fundi ashone kwa uzi wa pamba, maana uzi wa poliesta utabaki mweupe na kuonekana katika kila mshono. Vivyo hivyo, gauni linalotarajiwa kuvaliwa na ndugu wawili au watatu linatakiwa liachiwe akiba ya kutosha ndani ya mishono, na mgongoni liwekewe kamba za kukaza badala ya zipu, kwa sababu zipu ina kipimo kimoja ilhali kamba hufuata mwili. Magauni ya kiwandani mara nyingi huachiwa akiba ndogo mno, na ndiyo maana gauni lililoagizwa kwa picha ya simu likifika limembana mteja, fundi hana pa kulitanulia isipokuwa kukata pembeni na kuingiza kipande cha kitambaa kingine.

Jambo jingine ambalo waagizaji hawalitazami ni staha. Makanisa mengi hayataki mabega wazi madhabahuni, na bibi harusi wa Kiislamu anataka mikono mirefu, shingo iliyofunikwa na shela lisiloonyesha nywele. Sehemu ya kazi zangu ni kuongeza mikono na vifuniko vya kifua kwenye magauni yaliyonunuliwa kwa bei kubwa, yaliyobuniwa kwa ajili ya mwanamke mwingine kabisa.

Kuna uchungu mwingine ninaouona kwa sababu ninaishi katika ukanda wa pamba. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga, Geita na Mwanza wanalima pamba, lakini sehemu kubwa ya nyuzi zake husafirishwa nje kabla ya kusokotwa. Tuliwahi kuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa Mwanza, na kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na kizazi cha mama yangu kilivaa vitambaa vya viwanda hivyo kwa fahari. Leo msichana akinijia na kuniambia kwamba angependa kuolewa akiwa amevaa pamba ya nchi yake, nyeupe, laini, isiyo na maua, ninazunguka maduka ya jumla na kurudi na vitambaa vya India na China. Majirani zetu wametunza vyema zaidi uhusiano kati ya vazi la heshima na soko lake. Nchini Uganda gomesi, gauni refu la mabega yaliyoinuka na mshipi mpana, haikosekani kwenye sherehe za utambulisho, na nchini Rwanda umushanana, sketi yenye kitambaa cha kupitishwa begani, huvaliwa na bibi harusi pamoja na wanaomsindikiza, hivyo fundi wa huko ana kazi ambayo gauni la kuagizwa haliwezi kumnyang'anya. Sisi tuna kitenge, kanga na batiki, lakini tumeviweka kwenye kicheni pati na sendofu, kana kwamba siku yenyewe ya ndoa haviistahili. Nadhani mabinti wanaoniomba niweke pindo la kisutu kwenye gauni jeupe wametangulia mbele yetu.

Nazisihi pia kamati za harusi na akina shangazi. Bibi harusi anaweza kuamua kwa moyo mmoja kuvaa gauni la dada yake ili kuepuka ufujaji, kisha kamati ikaagiza wanawake arobaini wanunue kitambaa kipya cha sare, wakishone kwa haraka na kukivaa jioni moja. Kitambaa kinachotumika hapo kinapita kwa mbali kile cha gauni lolote la harusi, na mara nyingi ni chenye mng'ao ambao mtu hawezi kuvaa sokoni wala ofisini. Sare ina uzuri wake, inaonyesha umoja wa ukoo, na sipendekezi iondolewe. Ninapendekeza ichaguliwe kanga au kitenge ambacho mwenye nacho atakivaa tena, au kila mtu avae cha kwake katika rangi moja iliyokubaliwa.

Pamoja na hayo yote, eneo linalohitaji marekebisho ya haraka ni ukodishaji, ambao ndio unaokua na ndio unaowaumiza wateja. Nimewapokea mabinti waliofika kwangu Ijumaa jioni wakilia, kwa sababu shela walilolilipia miezi iliyotangulia limekodishwa kwa mtu mwingine kwa Jumamosi hiyohiyo. Wengine walikabidhiwa gauni lenye doa la vipodozi shingoni na pindo jeusi kwa vumbi la ukumbi wa wiki iliyopita, na baadaye wakakatwa dhamana yao yote kwa madai kwamba wao ndio walioliharibu, bila karatasi yoyote ya kuthibitisha lilikuwa katika hali gani walipolichukua. Mwanamke anayetendewa hivyo huwaonya wadogo zake wasikodi kamwe, na hivyo uamuzi wa busara wa kizazi kizima unaharibiwa na uzembe wetu wenyewe.

Tume ya Ushindani, ambayo sheria imeipa jukumu la kumlinda mlaji, ingefanya jambo jema kutoa mwongozo mfupi kwa wakodishaji wa mavazi ya sherehe, na maofisa biashara wa halmashauri wakausambaza kwenye saluni na maduka wanapokagua leseni. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vifundishe kwa kina ukataji wa magauni ya harusi, ushonaji wa korseti na ukarabati wa vazi lililokwisha kuvaliwa, maana mafundi wengi wanaacha chuo wakijua kushona kipya tu. Mafundi na wenye saluni hatuna haja ya kusubiri mwongozo huo. Tunaweza kuanza msimu huu kwa kumpa kila mteja stakabadhi yenye namba ya gauni, tarehe ya kulichukua na kulirudisha, kiasi cha dhamana na siku itakayorejeshwa, jina la atakayelipia usafi, na picha ya gauni mbele na nyuma iliyopigwa mteja akiwepo.

Wako,
Fundi wa mavazi ya harusi,
Nyamagana, Mwanza