Wifi, haikutoka kwenu

Wifi,

Namba yako haipatikani, na arobaini ya mama hukuja. Nilikuwekea sahani. Basi nakuandikia hapa hapa, wanaosoma na wasome.

Bado naiona siku ile ya kumtoa mtoto nje. Mama kamlaza mkekani, kampaka mafuta ya nazi, akaanza kumnyoosha mikono. Akaivuta juu, haikufika utosini. Akavuta tena. Akapima mguu kwa shubiri, akamfunika kanga, akasema bila kumtazama mtu, "Sisi kwetu hatuzai hivi." Wote wakakugeukia wewe. Kaka akajitia kutafuta viatu, na viatu anavyo miguuni. Mimi nilikuwa na upawa, nikaendelea kukoroga uji ulioiva zamani.

Sasa sikiliza. Ile hali ya mikono na miguu mifupi inaitwa akondroplasia. Kuna jeni moja, FGFR3, kwenye kromosomu ya 4. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi kinachokaa kwenye utando wa seli, kikisubiri ishara kutoka nje. Katika gegedu, zile sehemu laini za mifupa inayorefuka, kipokezi hicho ni breki: kikishapata ishara, seli inapunguza mwendo. Kwa watoto karibu wote wa hali hii imebadilika herufi moja tu ya jeni hiyo, breki ikabaki imekanyagwa. Wataalamu waliligundua hilo mwaka 1994, wifi. Sisi mwanao tulimpima kwa shubiri mwaka 2017.

Na kiasi cha watoto 8 kati ya 10 wa hali hii, wazazi wao wote wawili ni wa kimo cha kawaida. Badiliko hilo jipya karibu kila mara huanzia kwenye mbegu za baba, na baba akizidi umri uwezekano nao unapanda. Kaka alikuwa na miaka 49. Wewe 26. Kama ni kutafuta upande, basi ni wetu, ingawa hata kaka hakufanya kosa lolote. Kosa lake ni vile viatu.

Utaniuliza nilijua lini. Nimesomea maabara, nilihisi siku ile ile. Lakini kuhisi si kujua, sikuwa na jibu la kipimo mkononi. Halafu nilikuwa nakaa kwa mama na wanangu wawili. Ningefungua mdomo, ningelala wapi? Na wewe ungengoja angalau kukuche! Ulifunga begi usiku, ukaniacha nasemwa mwaka mzima kwamba mimi ndiye niliyekutorosha. Mimi, niliyempokea mtoto mikononi kabla hujazinduka.

Mpeleke akapimwe masikio. Watoto hawa huandamwa na maradhi ya masikio, asije akaitwa mzito darasani kumbe hasikii. Akili yake haina neno. Akikoroma pumzi ikakatika, au miguu ikimlegea, usingoje asubuhi. Shuleni awekewe kitu cha kukanyagia, miguu isining'inie kutwa. Dawa ipo, vosoritide, Ulaya na Marekani waliipitisha mwaka 2021, sindano kila siku. Bei usiniulize.

Haya ningekwambia zamani kama ungepokea simu. Sawa, na mimi nilianza kupiga mama alipokwisha kuzikwa.

Gauni la Idi la mwaka juzi ninalo kabatini, sijalitia upindo. Nitumie urefu wake, begani mpaka gotini.