Yah: Malalamiko kuhusu safari ya siku moja ya Antelope Canyon mwezi Januari

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Salaam. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na ndiyo lugha mnayotumia kututafuta sisi tunaoishi hapa Phoenix. Mwezi huu nilisafiri nanyi pamoja na familia yangu kwenda karibu na mji wa Page, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Nilicholipia sicho nilichopewa, na kila nikiisoma upya ratiba yenu naona chanzo ni kimoja: mmechukua safari ya Julai mkaibandika tarehe ya Januari.

Nianze na zito. Antelope Canyon ina makorongo mawili maarufu, la Juu na la Chini, na mgeni hawezi kuingia popote bila mwongozaji aliyeruhusiwa na Wanavajo. Kabla ya kulipa niliwaandikia Watsapu kwamba mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Mkajibu: "Hamna shida, mnakwenda la Juu, ni kutembea tu kwenye mchanga." Ni kweli, la Juu unaliingia kwa miguu, usawa wa ardhi. Tulipofika, dereva wenu akatangaza kuwa la Juu limejaa na tunakwenda la Chini. Alitamka hayo akiwa ameshakata kona.

La Chini linaingiwa kwa ngazi za chuma zenye mwinuko mkali. Baadhi ya watu walishuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, chuma chenyewe cha baridi kinauma viganja. Njia ni ya upande mmoja: ukishashuka, unatokea ng'ambo. Sizilalamikii ngazi. Tarehe 12 Agosti 1997 mafuriko ya ghafla yaliua watalii 11 humo ndani, mvua ikiwa imenyesha mbali, na ngazi za mbao za wakati ule zikasombwa. Hizi za chuma zimefungwa kwenye mwamba kwa sababu hiyo. Ninachodai ni kwamba mtu mwenye magoti mabovu apewe habari hizi angali nyumbani, siyo baada ya kukaa garini zaidi ya saa nne.

Mama akabaki juu. Mke wangu alitaka kukaa naye, akakataa kata kata: "Nendeni, mmelipia." Sasa sikilizeni kilichofuata. Dereva aliondoka na gari, akaenda mjini Page kula. Mama alikaa kwenye benchi la nje, kitenge juu ya koti, upepo wa jangwani ukimpiga, mpaka mhudumu mmoja wa Kinavajo alipomwona akamwita ndani, akamvutia kiti karibu na hita. Mtu asiyemjua ndiye aliyemhudumia mteja wenu. Dereva aliporudi hakusema hata pole.

Pili, picha. Tangazo lenu linaonyesha nguzo ya mwanga ikishuka kutoka juu hadi mchangani, na chini yake maneno "Ione mwenyewe Januari hii". Hata kama tungeingizwa la Juu, tusingeiona. Miale ile huonekana takriban kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba, jua linapokuwa juu sana wakati wa adhuhuri. Januari jua hupita chini na halifiki ndani kwa namna hiyo. Dada wa Kinavajo aliyetuongoza alilieleza jambo hili kwa nusu dakika. Nyinyi mnaouza tiketi hamlijui, au mnalijua mkanyamaza?

Na kinachoudhi ni kwamba hapakuhitajika uongo wowote. Korongo lile wakati wa baridi linajiuza lenyewe. Kuta za mwamba wa mchanga zinapinda kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo, rangi ya machungwa huko juu, na kadiri unavyoshuka inaingia zambarau. Kuna mahali inabidi upite ubavu. Kwa yule dada sina neno ila shukrani, hasa aliposimama kumsahihisha kwa adabu dereva wenu, ambaye njia nzima alituambia kuwa ile ni "ardhi ya serikali, Wanavajo wanakodisha tu". Ni ardhi ya Taifa la Wanavajo na ni hifadhi yao wenyewe. Mtu anayepeleka wageni kwa watu angejifunza kwanza anaingia kwa nani.

Kuhusu ratiba sitasema mengi. Inatuagiza tusogeze saa mbele kwa saa moja tukiingia kwa Wanavajo. Hilo ni jambo la majira ya joto, kwa kuwa Wanavajo hubadili saa na sehemu kubwa ya Arizona haibadili. Januari saa ni ileile. Familia moja iliwaamini, ikasimama mahali pa kukutania saa nzima kabla ya wengine. Mmetuambia tubebe kofia ya jua, hamkutaja koti, wakati njia inapanda hadi Flagstaff, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako tulikuta theluji kandokando ya barabara. Wala hamkusema kuwa mikoba na stendi za kamera haviruhusiwi ndani, na gari ndiyo hiyo imeondoka.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mama mkwe arudishiwe nauli na kiingilio chake chote. Sisi wengine mturudishie tofauti ya bei, maana korongo la Juu ni ghali kuliko la Chini na tulilipishwa la Juu. Picha ile iondolewe kwenye safari zote za baridi, na suala la ngazi liandikwe wazi kwenye tangazo. Mwisho, nataka maelezo ya maandishi kwa nini dereva alimwacha mzee nje na gari akaondoka nalo.

Nimeambatanisha risiti, picha ya tangazo, ratiba na ujumbe wenu wa Watsapu. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Likikosekana, nitaiomba benki yangu irejeshe malipo ya kadi, na kwenye vikundi vyetu vya Phoenix nitaeleza haya haya niliyowaandikia.

Wenu,
Mteja, Phoenix, Arizona