Taa ya njano juu ya mashamba ya mkonge

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bagamoyo, wewe, shemeji na watoto, na kwamba ile boti uliyokuwa umeifungua injini imekwisha kurudi baharini. Sisi huku hatujambo. Nakuandikia kwa kituo kuhusu jambo ambalo naona limekufikia likiwa limekwisha kutiwa chumvi, kwani nimesikia kwamba huko kwenu inasemwa nimeanguka na helikopta. Sikuanguka. Tulitua, tena taratibu kiasi kwamba kahawa aliyokuwa ameishika mwenzangu kwenye kifuniko cha chupa haikumwagika, na aibu niliyo nayo imetokana na utulivu huohuo.

Unajua kwamba tangu nistaafu upimaji ardhi huwa naitwa mara mojamoja kusaidia kazi za mipaka. Safari hii tulikuwa tukiutazama kutoka juu ukingo wa msitu upande wa Amani, kwa helikopta ndogo ya viti vitano iliyokodiwa. Ijumaa hiyo nilikuwa na haraka. Saa kumi alasiri binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anaozwa, nami ndiye walii wake. Sheikh, mashahidi na wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wakimngoja mtu mmoja tu. Tuliondoka milimani saa nane na nusu, na kwa hesabu yangu saa tisa ningekuwa nimekwisha kuvaa kanzu.

Tulikuwa tumeipita Muheza, na bahari imeanza kuonekana mbele yetu kama uzi wa samawati, taa ndogo ya njano ilipowaka kwenye ubao wa rubani. Hapakuwa na king'ora, wala moshi, wala mtikisiko. Injini iliendelea kunguruma kama ilivyonguruma tangu asubuhi. Rubani, kijana wa umri wa mwanangu wa tatu, aliitazama taa, akazitazama saa za joto na msukumo wa oili ya giaboksi, ambazo zote zilikuwa mahali pake, kisha akasema kwa sauti ileile aliyotumia asubuhi kutukumbusha mikanda: "Tunatua." Nilimwuliza kuna nini, akajibu kwamba sumaku iliyomo ndani ya giaboksi imenasa chuma. Nikamwuliza ni dakika ngapi kutoka hapo hadi Tanga, akasema hazifiki kumi na tano. Hapo, Bakari, ndipo nilipomwambia kwamba chombo kizima hakiteremshwi porini kwa ajili ya kitaa, kwamba kuna watu wananisubiri msikitini, na kwamba sisi wazee tumepanda vyombo vibovu kuliko hicho na tukafika. Hakunijibu. Alikuwa akizungumza kwenye redio huku macho yake yakitafuta mahali.

Mahali penyewe palikuwa ni kipande cha shamba la mkonge kilichokwisha kung'olewa, karibu na njia ya matrekta. Alikizunguka mara moja, nami wakati ule nikadhani anapoteza muda, kumbe alikuwa akitafuta nyaya za umeme, akiusoma upepo kwa moshi wa magugu yaliyokuwa yakichomwa, na akiikadiria ile milingoti ya mkonge iliyobaki imesimama pembeni, kwa sababu mmoja tu ungetosha kuligonga panga la mkiani. Kisha akateremka akitumia nguvu kidogo ya injini. Vumbi jekundu likatufunika, tukasikia miguu ya chombo ikikaa chini, na yeye akaiacha injini ipoe kwa muda wake kabla ya kuizima. Nilishuka bila ya kumshukuru. Nakiri hilo kwa maandishi.

Aliyetufikia kwanza alikuwa mnyapara wa shamba, na nyuma yake watoto wa kambini wapatao thelathini na bibi mmoja mwenye tenga la machungwa. Mnyapara alituuliza kama kuna aliyeumia, na alipoambiwa kwamba hakuna, akatupeleka chini ya mwembe kungoja mafundi kutoka mjini. Nilimpigia simu sheikh, nikakaa, na kwa kuwa hasira bila ya kazi huchosha, nikaanza kumwuliza yule kijana maswali.

Alinieleza kwamba kitabu cha chombo kinatofautisha amri mbili. Ya kwanza ni kutua hapohapo, hata kama chini ni maji au miti, kwa sababu kubaki angani ni hatari zaidi. Ya pili ni kutua mapema iwezekanavyo, yaani mahali pa karibu ambapo chombo kinaweza kukaa salama, na taa ya sumaku ilikuwa katika fungu hilo. Uwanja wa Tanga ulikuwa mahali pazuri, lakini haukuwa mahali pa karibu.

Mimi nilikuwa nikiamini, kama wengi wetu, kwamba kitu cha kuogopwa katika helikopta ni injini kuzimika, kwa kuwa hapo chombo huanguka kama nazi. Kumbe sivyo. Injini ikizimika kuna klachi inayoyaachia mapanga ya juu yaendelee kuzunguka peke yake, na rubani akiwahi kuushusha ule mkono wa kushoto unaolaza mapanga, upepo unaopanda kutoka chini wakati chombo kikiteremka huyazungusha, sawasawa na vile vititia vya makuti ambavyo mimi na wewe tulikimbia navyo pwani ya Kaole. Karibu na ardhi huuinua tena mkono huo, na ile nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko humwezesha kukaa badala ya kujibamiza, ila huipata mara moja tu. Alinisimulia habari ya Mfaransa Jean Boulet, ambaye tarehe 21 Juni 1972 alipanda na helikopta aina ya Lama hadi mita 12,442; huko juu, kwenye baridi kali, injini ikazimika na haikukubali kuwaka tena, naye akateremka njia yote hiyo kwa upepo peke yake mpaka akatua salama.

"Lakini mzee," akaniambia, "kititia lazima kiwe na kijiti cha kuzungukia." Kijiti chenyewe ni giaboksi. Gia zikivunjika zikakwama, au mhimili wa mapanga ukiachia, injini inaweza kuwa nzima kabisa na rubani akawa bingwa wa mabingwa, na hakuna atakachoweza kufanya. Niliacha kumenya chungwa.

Mafundi walifika saa kumi na moja kasorobo. Mmoja alipanda, akafungua plagi ndogo iliyo chini ya giaboksi, akaishika juani, nasi sote tukasogea. Wewe unaijua vizuri kuliko mimi ile oili ya boti iliyochakaa: sumaku ikitoka na tope laini jeusi, husemi neno, unaifuta na kuirudisha. Hii haikuwa na tope. Ilikuwa na vigamba vitatu vya chuma vinavyong'aa, chembamba kimoja kirefu kama punje ya mchele, na vijisindano kadhaa vilivyosimama kama nywele. Fundi hakusema lolote kwa muda, kisha akaniambia kwamba vigamba vya namna ile hutoka kwenye uso wa beringi au wa jino la gia unapoanza kubanduka. Nilimwomba kimoja nikuletee, akakataa kwa adabu. Vyote vilitiwa kwenye kifuko chenye maandishi ili vikapimwe vijulikane ni chuma cha kipande gani. Helikopta ilifunikwa turubai, ikalala palepale mkongeni chini ya ulinzi wa walinzi wa shamba, na itabaki hapo hadi giaboksi nyingine itakapoletwa.

Tangu usiku huo nimekuwa nikisoma mambo ya ajali za giaboksi, jambo ambalo mke wangu analiona si la mtu mwenye akili timamu. Tarehe 1 Aprili 2009 helikopta aina ya Super Puma ilikuwa ikirudi Aberdeen kutoka kwenye jukwaa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Giaboksi ikapasuka, mapanga ya juu yakachomoka, na watu wote 16 wakafa. Tarehe 25 Machi, yaani wiki moja tu kabla, sumaku ya giaboksi hiyohiyo ilikuwa imenasa kipande kimoja cha chuma. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba watu walizungumza wasielewane sawasawa, kipande hakikutambuliwa kilivyo, na chombo kikarudi kazini. Mwezi huohuo wa Machi, tarehe 12, huko Kanada, boliti za kichujio cha oili ya giaboksi zilikatika katika Sikorsky S-92 iliyokuwa juu ya bahari, oili ikamwagika, marubani wakageuza kuelekea nchi kavu, na gia hazikungoja wafike. Kati ya watu 18 alinusurika mmoja. Mimi siwezi kuwalaumu marubani wale. Mtu aliyetaka kwenda mbele kwa ajili ya harusi atamlaumuje aliyekuwa na bahari ya barafu chini yake?

Lakini habari iliyoninyima usingizi ni ya mwaka 2012, tena haikuua mtu. Mwezi wa Mei, na tena Oktoba, helikopta mbili za aina ya EC225 zilipatwa na ufa katika mhimili wa gia unaoendesha pampu za oili, nazo pampu zikasimama. Marubani wakawasha mfumo wa dharura wa kuilainisha giaboksi, na taa ikawaambia kwamba mfumo huo nao umekufa. Wakatua juu ya maji. Baadaye ikabainika kwamba taa hiyo haikusema kweli na mfumo ulikuwa ukifanya kazi yake. Watu 14 mara ya kwanza na 19 mara ya pili waliokolewa wote. Nimejiuliza ni abiria wangapi kati yao waliomnung'unikia rubani ndani ya mashua za mpira, na nadhani walau mmoja alikuwapo.

Nikahi ilifungwa baada ya sala ya isha. Niliingia msikitini nikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope, na wazee wa upande wa pili wakanipa mkono bila ya neno baya, ingawa mjomba wa bwana harusi aliniuliza kama siku hizi mabasi ya Muheza yamekwisha.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Waliotukodishia chombo wametaka kila abiria aandike maelezo, na nimesikia minong'ono kwamba wapo wanaouliza kwa nini hakumalizia zile dakika chache akatua uwanjani, ambapo matengenezo yangekuwa rahisi na ya gharama ndogo. Maelezo yangu nimekwisha kuyaandika, pamoja na maneno niliyomwambia yule kijana angani, neno kwa neno, kwa kuwa anayesoma anapaswa kujua kwamba alitua huku akisukumwa aendelee. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Naomba uisome kwa jicho la fundi, hasa pale nilipovieleza vile vigamba, unirekebishie kabla ya Alhamisi, siku nitakayoipeleka. Nimepanga nipite kwanza kwa rubani aione, na ndipo nitakapomwomba radhi, kwa sababu kwenye simu nilijaribu mara mbili na mara zote mbili nikaishia kumwuliza hali ya hewa.

Msalimie sana shemeji, na umwambie ule nguru mkavu tuliupata.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Mzee Shekue