Mkono wa Idi kutoka maabara: mwezi, mashahidi na wageni wetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu, wanafunzi wetu wa zamani mliotawanyika Unguja, Pemba na kwengineko, na nyinyi wageni mliofuturu nasi mwezi huu: Idi Mubarak. Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na atufikishe Ramadhani nyengine tukiwa wazima.

Mwezi ishirini na tisa ulipofika, wageni wetu walikaa nasi barazani kungojea khabari. Kilichowashangaza si mwezi, ni maswali. Mtu akisema kauona, haambiwi ahsante akaachiwa aende zake. Huulizwa kauonea wapi, wakati gani, ulikaa vipi, na nani mwengine alikuwa naye. Khabari haitangazwi mpaka ifike kwa Mufti ikiwa na mashahidi wake. Mgeni mmoja, mtafiti kutoka Ulaya, akacheka: "Hii ndiyo kazi yenu ya mchana, mnaifanya tena usiku!"

Alisema kweli. Kwa wasioijua kazi yetu: tunakusanya maarifa ya wavuvi, wakulima wa mwani na wachumaji karafuu, tunayaandika kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyaunganisha. Kila khabari tunaivunja iwe sentensi fupi yenye sehemu tatu, kwa mfano karafuu, huanikwa, juani. Hapo mashine imeshika kitu kimoja. Ikishika maelfu ya vitu vya aina hiyo, inaweza kujibu swali ambalo hakuna mtu mmoja aliyeliandika. Lakini pembeni ya kila sentensi tunaweka nani kasema, wa wapi, nani alirikodi na siku gani. Wenzetu wa W3C, wanaosimamia viwango vya wavuti, walitoa kanuni ya kuandika mambo hayo mwaka 2013, inaitwa PROV. Wazee wetu walikuwa nayo zamani, ila hawakuipa kifupisho.

Siku ya maonyesho mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu aliiuliza mashine mbele ya wageni: siku ya Idi Mosi, kina mama wa Jambiani wataweza kufika kwenye mashamba yao ya mwani? Ikajibu ndiyo, maji yatatoka mbali. Wageni wakadhani tumeilisha jedwali la maji kupwa na kujaa. Hatukufanya hivyo. Mzee mmoja wa Nungwi alitwambia bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Mama mmoja wa Jambiani alitwambia mwani huhudumiwa wakati wa bamvua. Na Idi, kila mtu anajua, ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, mwezi ukishaandama. Mashine iliunga mambo matatu, ikatoa jibu na mashahidi wake chini. (Kama kina mama watataka kwenda shambani siku ya Idi badala ya kupika biriani, hilo hatukuiuliza.)

Kisha mgeni akaiuliza swali lile lile programu moja ya akili mnemba iliyokuwemo kwenye simu yake. Ikajibu kwa Kiswahili kizuri, kirefu, chenye adabu nyingi, na isitaje hata mara moja kwamba Idi na bamvua huja pamoja. Tukaiuliza khabari hizo imezipata kwa nani. Ikaomba radhi. Mimi si adui wa programu hizo, nazitumia, lakini kwa mwezi mwandamo ushahidi wa namna hiyo usingetufungulisha hata kwa tende moja.

Jambo lililotupa mjadala mrefu zaidi ni wazee wanapopingana. Kule Makunduchi wako wanaohesabu mwaka kwa Nairuzi, kalenda ya jua ya siku 365, kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo hujua wakati wa kupanda. Wazee wawili walitupa siku mbili tofauti za zao moja. Mgeni wetu kutoka Dar es Salaam alitaka tuchague aliye sahihi. Tulikataa. Tumeziweka zote mbili, kila moja na mwenyewe, atakayeuliza aone. Sisi ni watu ambao katika nyumba moja mmoja ameshakula Idi na mwengine bado amefunga, kwa kuwa huyu amefuata mwandamo wa hapa na yule wa kwengine, na jioni wanakaa sinia moja. Tofauti hatuiogopi, mradi tujue kila mtu kaitoa wapi.

Khabari nyengine kwa ufupi. Seva mpya imefika, na chumba chake kina kiyoyozi, ndiyo maana wakati wa saumu kila mtu aligundua ana kazi humo. Wanafunzi wawili wamemaliza tasnifu zao. Masika yakipungua tunakwenda Pemba, tuanzie Kojani kwa wavuvi, halafu Wete kwa watu wa karafuu. Mwenye jamaa huko atupelekee salamu mapema, tusiwaangukie watu kama wakaguzi.

Maabara imefungwa mpaka sikukuu nne ipite. Wageni wanaoondoka wiki hii, safari njema. Na wale mnaokwenda kupeana mkono wa Idi kwa mababu na mabibi, wakianza kusimulia mambo ya bahari na mashamba, waombeni ruhusa muwarikodi, na muwaulize nani mwengine anayajua.

Vileja vya ofisini limebaki kopo moja. Liko kwa mlinzi, na yeye anasema halioni.